Miezi Minane ya Kungoja: Binti wa Uganda, Afya na Kileo Kabla ya Chuo Kikuu

Katika safari zetu za nchi jirani leo tunavuka mpaka pale Mutukula na kuingia Uganda. Nakuomba kwanza utazame kalenda. Mtihani wa kumaliza kidato cha sita, ambacho wenyewe hukiita Senior Six, humalizika mwanzoni mwa Desemba. Matokeo hutoka Februari au Machi. Chuo Kikuu cha Makerere hufungua mwaka mpya wa masomo mwezi Agosti. Kati ya kalamu ya mwisho ya mtihani na kitabu cha kwanza cha chuo pana takriban miezi minane, na katika miezi hiyo msichana wa miaka 18 au 19 hana sare ya shule, hana kengele ya kuamka, wala hana kitambulisho cha chuo. Nchini Uganda kipindi hiki kina jina lake katika mazungumzo ya kila siku, na kila familia yenye binti hukingoja kwa furaha iliyochanganyika na hofu.

Linganisha na Tanzania. Kwetu mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na tangu mwaka 2013 wahitimu wengi huitwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria kabla ya kujiunga na vyuo. Nafasi ya kungoja hujazwa na serikali kwa gwaride, jembe na nyimbo za mchakamchaka. Uganda haikujaza nafasi hiyo kwa namna hiyo. Iliiacha mikononi mwa wazazi, makanisa, misikiti, waajiri wa muda na, tukiri wazi, wauza vileo.

Insha hii inauliza jambo moja: wasichana wa Uganda wamefikaje kuwaza kuhusu afya yao na pombe jinsi wanavyowaza leo, pale mlangoni mwa chuo? Jibu haliko katika baa za Wandegeya peke yake. Yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Kabla ya historia, neno moja la lugha. Kiganda huita pombe ya ndizi *mwenge*. Usiichanganye na mwenge wetu, ule wa Uhuru unaokimbizwa kila mwaka. Ni maneno mawili yaliyofanana sura tu. Na katika Kiswahili chetu, angalia tofauti ya mnywaji na mlevi. Mnywaji ametajwa kwa tendo lake, mlevi ametajwa kwa hali iliyomtawala. Utaona mbele kwamba, kwa muda mrefu, mwanamume aliruhusiwa kuwa mnywaji bila kuitwa mlevi, na mwanamke hakupewa nafasi hiyo ya katikati.

Katika Buganda ya kale pombe ya ndizi ilikuwa kinywaji cha heshima. Ndizi ziliivishwa shimoni, zikakamuliwa kwa majani, maji yake yakachanganywa na unga wa mtama na kuachwa yachachuke. Kukamua ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake walilima migomba yenyewe, lakini walikatazwa kukaribia mahali pa ukamuaji. Zaidi ya hapo, mwanamke wa Buganda alikuwa na miiko ya chakula: kuku, mayai na nyama ya kondoo havikuwa vyake. Pombe nayo ilimhusu binti kwa njia nyingine. Posa ya ndoa haikukamilika bila vibuyu vya pombe kuletwa na upande wa mwanamume. Binti alikuwa sababu ya pombe kunywewa, ilhali yeye mwenyewe alitarajiwa kukaa mbali nayo akipiga magoti kwa adabu.

Mafunzo ya afya na ya mwili yalikuwa mikononi mwa *ssenga*, yaani shangazi, dada wa baba. Wewe unayeifahamu pwani utamfananisha na somo au kungwi. Ssenga alimweleza binti kuhusu hedhi, usafi, ndoa na uzazi. Alisema yale ambayo mama hakuweza kuyasema. Elimu yake ilikuwa na kasoro, maana lengo lake kuu lilikuwa kumwandaa binti awe mke, hata hivyo ilikuwa na sifa ambayo shule nyingi za leo hazina: ilitolewa na mtu mmoja anayejulikana, ana kwa ana, na binti aliweza kurudi kwake na swali.

Ukoloni ulipokuja, mpangilio huo ulitikiswa. Mwaka 1907 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitumwa Uganda kuchunguza kaswende. Akaripoti kwamba ugonjwa huo ulikuwa umeenea katika sehemu kubwa mno ya watu wa Buganda. Alipotafuta sababu, miongoni mwa mambo aliyoyalaumu ni Ukristo, kwa kuwa, kwa maoni yake, ulikuwa umewapa wanawake uhuru na kuziondoa adhabu za zamani zilizowabana. Watafiti wa baadaye wamelitazama upya suala hilo na kuona kwamba wengi waliohesabiwa huenda walikuwa na buba au aina ya kaswende isiyoambukizwa kwa zinaa. Hata hivyo kampeni ilikwisha kuanza, watu walikaguliwa miili yao, na wazo moja likapanda mbegu: kwamba afya ya taifa huharibika pale msichana anapotembea bila kuangaliwa.

Lizingatie wazo hilo, msomaji, kwa sababu litarudi mara kwa mara likiwa limevaa nguo tofauti. Mimi naona ndilo lililoipotosha elimu ya afya ya wasichana kwa karne nzima. Mtu anapoambiwa kwamba mwili wake ni hatari kwa wengine, hujifunza kuuficha. Hajifunzi kuutunza.

Wamisionari wenyewe walikuwa na mtazamo wao. Mwaka 1905 jumuiya ya kimisionari ya Waanglikana ilifungua shule ya wasichana Gayaza, kaskazini mwa Kampala, ambayo hadi leo ni miongoni mwa shule mashuhuri za Uganda. Mwanzoni ilikusudiwa mabinti wa machifu, waandaliwe kuwa wake wa Kikristo. Walilima, walishona, walisoma. Huko Mengo, Albert Cook na mkewe Katharine walikuwa wamejenga hospitali, na Bibi Cook akaanzisha mafunzo ya wakunga. Mkunga aliyefuzu alikuwa kitu kipya kabisa: msichana mwenye mshahara na elimu ya mwili isiyotoka kwa ssenga.

Kisha ukaja uamsho. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kutoka Gahini nchini Rwanda, vuguvugu la kiroho lililohusishwa na Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church lilienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa *balokole*, waliookoka. Ndiyo asili ya neno mlokole unalolisikia kila siku hapa kwetu, wakati mwingine kwa heshima, wakati mwingine kwa kejeli. Walokole walikataa pombe kabisa. Kwa msichana jambo hili lilikuwa na maana ambayo wanahistoria huipita haraka. Hapo awali kutokunywa kwake kulikuwa kutii: alikatazwa. Sasa aliweza kusema, "Nimeokoka, sinywi," na sentensi hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Aliweza hata kumwambia baba mnywaji. Mpaka sasa, msichana wa Uganda akikataa bilauri katika sherehe, sababu ya wokovu hukubaliwa bila maswali mengi. Sababu ya afya huzua mjadala.

Tufike Makerere. Ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi ya wavulana, na kaulimbiu yake ilihimiza wanafunzi wawe wanaume. Mwaka 1945 wanawake sita wa kwanza waliingia, na kaulimbiu ikabidi ibadilishwe, ikawa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Bweni la wanawake lilipewa jina la Mary Stuart, mke wa Askofu Cyril Stuart, aliyetetea elimu ya juu ya wasichana. Jengo refu la baadaye lenye jina hilo wanafunzi hulibatiza "Box", nalo lina undugu wa kelele na vifijo na bweni la wavulana la Lumumba.

Miongoni mwa wanawake wa kizazi hicho cha kwanza alikuwa Sarah Nyendwoha kutoka Hoima. Alitaka kusoma hisabati. Mwalimu hakutaka kumfundisha mwanamke. Akageukia masomo mengine, akaenda Oxford, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuhitimu shahada huko. Aliporudi kufundisha Gayaza aliambiwa mshahara wake utakuwa chini ya ule wa wanaume wenye sifa kama zake. Akaukataa, akafundisha bila malipo mpaka wakubwa wakasalimu amri. Watanzania tuna haki ya kumwita shemeji: aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro aliyekuwa balozi wa Tanganyika jijini London. Naye Josephine Namboze alifuzu udaktari Makerere mwaka 1959, na anatambuliwa kuwa daktari mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki. Baadaye akawa profesa wa afya ya jamii.

Nawataja hawa wawili kwa sababu maalumu. Wasichana wa kwanza wa Makerere waliishi kama watu walio kwenye kioo. Wenzao wa kiume waliweza kulewa Jumamosi na Jumatatu wakasahauliwa. Kosa la msichana mmoja lingekuwa hoja dhidi ya wasichana wote waliokuwa wakingoja nyuma yake, na hao walikuwa wakihesabu siku. Kutokunywa kulikuwa sehemu ya ada ya kuingia.

Sasa tuingie jikoni. Sheria za kikoloni zilikuwa zimewakataza Waafrika pombe kali iliyokenekwa, kwa misingi ya mikataba iliyotiwa saini Ulaya tangu mwaka 1890. Watu hawakuacha, walijifunza kukeneka wenyewe. Gongo yetu huko huitwa *enguli*, na jina lingine, *waragi*, linasemwa kuwa lilitokana na maneno ya Kiingereza ya askari, "jini ya vita". Baada ya uhuru, katikati ya miaka ya 1960, serikali ilipitisha sheria iliyowataka wakenekaji wa vijijini wapate leseni na kuuza kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha na kuitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Wengi waliendelea kukeneka bila leseni. Na nani waliokuwa wakikeneka? Kwa sehemu kubwa, wanawake. Mama aliyetaka mwanawe asome hakuwa na njia nyingi za kupata fedha taslimu. Pipa, bomba la shaba na kuni zilikuwa benki yake.

Fikiri maana yake. Nchini Uganda wapo wanawake wengi wenye shahada ambao ada yao ya shule ilitoka katika pipa hilo. Msichana alirudi kutoka shule ya bweni, alikofundishwa kwamba pombe ni dhambi na sumu, akamkuta mama yake amechuchumaa motoni, macho mekundu kwa moshi, akikusanya ada ya muhula ujao tone kwa tone. Somo la afya lenye kuhukumu haliwezi kumwingia binti kama huyu, kwa kuwa kuikubali hukumu ni kumsaliti mama. Kila ninaposoma vipeperushi vya kupinga pombe vilivyoandikwa na watu wa mijini, namkumbuka huyu mama asiyetajwa humo.

Hali si sawa nchi nzima. Kule Teso, mashariki, pombe ya ulezi iitwayo *ajono* hupikwa na wanawake na kunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Wanawake nao huketi na kunywa. Msichana wa Teso na msichana wa nyumba ya walokole Ankole hukutana Makerere katika chumba kimoja, na kila mmoja anashangaa adabu za mwenzake.

Enzi ya Idi Amin haina mengi kwa mada yetu ila moja. Mwaka 1972 alipiga marufuku sketi fupi kwa amri ya serikali. Wazo la Lambkin lilikuwa limerudi, safari hii likiwa na bunduki.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na ukimwi. Miaka ya 1980 ugonjwa uliomaliza vijiji vya Rakai, na huku kwetu Kagera, uliwafanya Waganda wazungumze hadharani mambo yaliyokuwa ya chumbani. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO mwaka 1987. Mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza kuwa mwathirika mwaka 1989, akazunguka mashuleni na makanisani akiongea na vijana, na Desemba mwaka huohuo akafariki. Mwaka 1993 likaanza gazeti la vijana la *Straight Talk*, lililojibu maswali ya wanafunzi kuhusu mwili kwa lugha wanayoielewa. Kwa mara ya kwanza tangu ssenga, msichana alikuwa na mahali pa kuuliza.

Katika elimu hiyo pombe iliingia kwa mlango wa nyuma. Msichana alifundishwa: ukilewa, hutaweza kujilinda na maambukizi. Ni kweli. Hata hivyo pombe ikaonekana kuwa mbaya kwa sababu tu ya kile kinachoweza kuifuata. Ini, moyo, usingizi, saratani ya matiti, mimba: hayo yalitajwa kidogo. Msichana aliyekunywa nyumbani kwa rafiki, mlango umefungwa, wanawake watupu, alihisi yuko salama kabisa. Nikupe basi jambo la kisayansi ambalo vijana wa kike wote wa eneo letu wanastahili kulijua mapema. Mwili wa mwanamke kwa wastani una maji machache kuliko wa mwanamume mwenye uzito uleule, hivyo kileo kilekile huwa kikali zaidi katika damu yake, na madhara kwa ini huweza kuja mapema zaidi. Haya ni mambo ya maji na damu. Hayana uhusiano na tabia njema au mbaya.

Turudi chuoni. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili. Wakati huo walikuwa kama robo ya wanafunzi. Katika muongo mmoja na nusu uliofuata walipita asilimia 40. Mwaka 1992 chuo kilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia. Mabweni hayakutosha, na hosteli za watu binafsi zikaota Kikoni na Wandegeya. Msimamizi wa bweni aliyejua nani amerudi usiku alibaki kwenye majengo ya zamani. Kwenye hosteli mwenye nyumba alijua nani amelipa kodi. Msichana wa miaka ya 2000 hakuwa tena kwenye kioo. Alikuwa mmoja kati ya maelfu. Kuanguka kwake hakukuwaaibisha wengine, na pia hakukuonekana na mtu.

Viwanda vya bia navyo viliona. Matangazo yaliyokuwa ya wanaume wenye misuli yakaanza kuwa na wasichana wanaocheka, na vinywaji vitamu vyepesi vikaletwa kwa ajili yao. Waragi ikatiwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki, bei ya sarafu chache, rahisi kuficha katika mkoba. Mwaka 2010 makumi ya watu walifariki katika wilaya ya Kabale baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Vifuko vilipigwa marufuku mwaka 2019. Kwenye chupa ndogo za plastiki biashara iliendelea.

Katika hali hiyo ndipo miezi minane inapokuja. Nisikilize vizuri, maana hapa watu wazima husema uongo kwa kutia chumvi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani huiweka Uganda miongoni mwa nchi zenye unywaji mkubwa barani Afrika, lakini mzigo mkubwa uko kwa wanaume, na wanawake wengi wa nchi hiyo hawanywi kabisa. Anayekuambia kwamba wasichana wote wanaongoja chuo wanalewa anarudia hadithi ya 1907. Wengi wao wakati huo wanauza dukani kwa shangazi, wanajifunza kompyuta, wanafundisha watoto wadogo au wanalea wadogo zao. Swali zito ni la wale wanaoanza kunywa katika kipindi hiki, na kwa nini.

Ninavyoiona, sababu kubwa ni ukimya wa ghafla. Shule ya bweni humpangia msichana kila saa kwa miaka sita: lini ale, lini aoge, lini azime taa. Kuhusu pombe huambiwa neno moja, hapana, na anayekamatwa hufukuzwa. Haambiwi kipimo ni nini, wala afanye nini rafiki yake akizimia, wala jinsi ya kukataa bila kuvunja urafiki, maana kuyafundisha hayo kungeonekana kama kuruhusu. Siku ya mwisho ya mtihani lango hufunguliwa. Yule ssenga yuko mjini na kazi zake, au amekufa, au anatangaza redioni mambo ya kuwafurahisha waume. Kwa binti, bilauri ya kwanza huwa cheti cha utu uzima kabla cheti cha mtihani hakijatoka. Ulipotokea ugonjwa wa korona, shule zilifungwa tangu Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kungoja kukawa kurefu kuliko ilivyowahi kuwa, na ongezeko la mimba za wasichana likawa habari ya kitaifa. Mjadala ukawa uleule wa kuwalaumu wazazi kwa kutowachunga.

Mwaka 2023 Sarah Opendi, mbunge mwanamke wa Tororo na aliyewahi kuwa naibu waziri wa afya, alipeleka bungeni muswada wa kudhibiti vileo. Ulitaka kupunguza saa za kuuza pombe na kubana matangazo. Wenye viwanda walipinga kwa hoja ya kodi na ajira. Wabunge wengine wakauliza wakulima wa mtama na shayiri watakwenda wapi. Hakuna aliyekosa hoja. Mwaka 2024 bunge liliukataa. Desemba ya mwaka huo watahiniwa wa Senior Six wakaweka kalamu chini kama ilivyo desturi, na malango ya shule yakafunguliwa hadi Agosti.